Bilauri na Umri Wake: Kutambua na Kuthamini Vyombo vya Kristali katika Pwani ya Kusini

Neno bilauri limeshuka hadhi. Katika Kiarabu, lugha lilikotoka, billawr ni kristali. Katika Kiswahili cha leo bilauri ni chombo chochote cha kioo cha kunywea maji, hata kile kinachouzwa kwa dazeni madukani Ukunda. Makala haya yanairejea maana ile ya asili ili kueleza jinsi chombo cha maua cha kristali iliyochongwa kinavyotambuliwa na kukadiriwa thamani, na kwa nini maarifa hayo yanamhusu mkazi wa Kibuyuni sawa na yanavyomhusu mnunuzi wa London.

Kibuyuni ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani karibu na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Jina lake lenyewe limebeba chombo: kibuyu. Hata hivyo, pwani hii haikuishi kwa vibuyu na vyungu pekee. Kisiwani Wasini, ng'ambo ya Shimoni, lipo kaburi la mnara lililopambwa kwa kaure ya Kichina. Katika karne ya 19, biashara ya Unguja ilipopanuka, vyombo vya kioo vya Ulaya navyo viliingia mwambaoni. Viwanda vya Bohemia, katika Ucheki ya leo, vilitengeneza vyombo vingi kwa kuyalenga masoko ya Mashariki. Mrashi ulikuwa na kazi tangu hapo, arusini na katika maulidi. Chombo cha maua hakikuwa nayo. Katika jamii ambamo asumini hutungwa koja au kikuba badala ya kutiwa majini, kiligeuka pambo la rafu. Na pambo la rafu ndilo linalouzwa kwanza shida inapobisha hodi, aghalabu kwa mnunuzi anayejua mengi kuliko muuzaji.

Kristali ya aina hii hupata sifa zake kutokana na risasi. Mwaka 1674 Mwingereza George Ravenscroft alipewa hataza ya kioo cha aina mpya, na miaka michache baadaye alikuwa akikichanganya na oksidi ya risasi. Kioo hicho kilikuwa kizito, king'avu, na laini kiasi cha kuchongwa kwa gurudumu. Kanuni ya Ulaya ya 1969 iliamua kwamba kristali ya risasi sharti iwe na angalau asilimia 24 ya oksidi hiyo. Uzito, basi, ndio ushahidi wa kwanza: kioo cha kawaida kina takribani gramu 2.5 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali cha risasi hukaribia 3. Ukingo ukigongwa polepole kwa kucha, kristali hutoa mlio mrefu, ingawa mlio hutegemea pia umbo, na wengi wamedanganywa na masikio yao. Vidole ni waaminifu zaidi. Nakshi iliyochongwa ina makali. Iliyoshindiliwa kalibuni, kwa mashine zilizoenea kuanzia Marekani katika miaka ya 1820, ina kingo butu, na pengine mshono hafifu ubavuni.

Kuhusu umri, kung'aa si ushahidi. Mifereji iliyosuguliwa kwa mkono huonyesha mistari myembamba chini ya kioo cha kukuzia. Usawa usio na alama yoyote hudokeza asidi, mbinu iliyoenea katika karne ya 20. Kitako cha chombo kikongwe kina mikwaruzo midogo inayoelekea kila upande, kwa kuwa kimesogezwa rafuni miaka na miaka. Mikwaruzo ya upande mmoja tu ni ya kutiliwa shaka. Jina la Czechoslovakia haliwezi kutangulia 1918. Jina la Waterford nalo lisimpumbaze mtu: kiwanda cha 1783 kilifungwa 1851, na kazi ikaanzishwa upya 1947.

Bei hushushwa na pengo, ufa, na ule ukungu wa ndani ulioachwa na maji ambao hautoki hata kwa ndimu. Lakini nchini Kenya umri unazidi kuwa suala la bei. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa hiyo vyombo viwili pacha, kimoja kilichoshuka jahazini 1880 na kingine kilicholetwa Diani na mgeni 1980, si sawa mbele ya sheria, ijapokuwa mizani na vidole haviwezi kuvitofautisha. Kinachovitofautisha ni maneno: nani alikileta, kwa arusi ya nani, kikarithiwa na nani. Wanunuzi huita maneno hayo asili ya chombo na kuyalipia. Katika nyumba nyingi za pwani yamo vinywani mwa wazee tu, hayajaandikwa popote, na chombo kinapotolewa mlangoni huondoka bila hayo.