Duka la Viti, Wauzaji Wamesimama



Siku hizi katika miji yetu ya Afrika Mashariki yamezuka maduka ya fanicha ya aina ya pekee. Yako ndani ya majengo makubwa ya vioo, yana taa za kupendeza na hewa ya baridi. Ndani yake mtu hukuta nyumba nzima imepangwa: sebule, chumba cha kulala, jiko, mapazia, vikombe, na hata maua ya bandia. Mfanyakazi wa kawaida hupita nje akachungulia dirishani. Sisi wa chama tuliingia, maana ofisi ya tawi letu hapa Kampala ilihitaji viti 12 vya mikutano, na kamati ilitutuma watu watatu tukalinganishe bei.

Kwanza, bei yenyewe. Kochi moja la watu watatu lilikuwa na kikaratasi cha shilingi milioni 6. Tulipiga hesabu palepale. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria hapa Uganda mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia saini. Kwa kima hicho cha 1984, mtu angefanya kazi miezi 1,000, yaani miaka 83 na miezi 4, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ndipo apate kochi hilo. Tunajua kwamba hakuna anayepokea shilingi 6,000 dukani mle. Lakini anachopokea kinategemea huruma ya tajiri, na huruma ya tajiri si mkataba.

Pili, tulikagua vitu. Mnunuzi asidanganywe na mng'aro. Tulipoinama na kutazama chini ya meza moja ya bei kubwa, tuliona kwamba si mbao. Ni vumbi na vipande vya mbao vilivyochanganywa na gundi, vikashindiliwa kwa mashine, kisha vikabandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Kitu hicho maji yakikiingia pembeni huvimba, na skrubu ikilegea haishiki tena. Mafundi wetu wa Ndeeba na Nsambya hutumia mbao yenyewe. Ni kweli kwamba mvule umekuwa adimu kwa kukatwa ovyo, na wapo mafundi wanaotumia mbao mbichi ambayo ikikauka hupinda. Lakini fundi unamjua kwa sura, na mguu wa kiti ukilegea unamrudishia akautengeneza. Viti vyetu 12 tuliviagiza kwa fundi.

Jambo la tatu ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Binti mmoja alitupokea kwa adabu. Akatuambia, "Karibuni wazee, kaeni mjaribu." Tukakaa. Yeye akabaki amesimama, na wenzake wote pembeni wamesimama, katikati ya makochi na viti visivyohesabika. Tukamwuliza, "Na wewe binti, mbona hukai?" Akatazama kule alikokuwa msimamizi, akajibu kwa sauti ndogo, "Viti ni vya wateja, wazee. Sisi tukikaa tunakatwa." Tukamwuliza anaanza kazi saa ngapi. Anaingia saa tatu asubuhi na kutoka saa mbili usiku, na anakaa wakati wa kula tu.

Ndugu, hilo si jambo dogo. Anayesimama kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, huvimba miguu, mishipa ya miguu hujitokeza, na mgongo humwuma. Mwanamke mjamzito huumia zaidi. Na kazi ya kuuza fanicha haidai kusimama wakati duka halina mteja. Wanasimamishwa ili waonekane wako tayari, kama vile mtu aliyekaa hawezi kuinuka mteja akiingia.

Wala madai haya si mapya. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1899 kwamba duka liwe na kiti kimoja kwa kila wanawake 3 wanaouza. Mwaka 1964 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 120 juu ya afya katika maduka na ofisi. Kifungu cha 14 kinasema wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na vinavyofaa, tena wapewe nafasi ya kuvitumia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu kiti kilichokatazwa ni sawa na hakipo. Majirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007, wameweka sharti la mahali pa kukaa kwa wale ambao kazi yao inawaruhusu kukaa.

Tena tujifunze kwa wenzetu wa India. Katika jimbo la Kerala wanawake wauzaji wa maduka ya nguo walijiunga pamoja wakadai haki ya kukaa. Walichekwa, lakini hawakunyamaza. Mwaka 2018 sheria ya maduka ya jimbo hilo ikabadilishwa, na mwaka 2021 jimbo la jirani la Tamil Nadu likafuata.

Basi tufanye nini? Wauzaji wa kila duka wahesabu watu na viti, waandike, na walete hesabu hiyo kwa chama. Mtu asiende peke yake kwa msimamizi, maana wa peke yake hufukuzwa. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006 inampa kila mmoja haki ya kujiunga. Matawi yanayojadiliana na waajiri yaingize kifungu cha viti ndani ya mikataba, sambamba na mshahara na likizo. Nasi wateja, tukiingia dukani tumwulize mwenye duka waziwazi: wafanyakazi wako wanakaa wapi? Swali hilo likitoka kwa mwenye fedha mkononi, tajiri hulisikia.

Umoja ni nguvu.