Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Twapona?

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakuyasema maneno haya kwa mzaha. Katika nyumba ya mwambao mgeni akifika kuku huchinjwa, wali hutiwa nazi, na watoto ambao jana walilala kwa muhogo mkavu leo hula na kushiba kwa sababu yake. Neema aliyokuja nayo mgeni aliila pamoja na wenyeji wake katika sinia moja. Leo visiwa vya Unguja na Pemba vyapokea wageni wengi kuliko wakati wo wote uliotangulia, nasi hatuna budi kujiuliza, kila baba na kila mama nyumbani mwake: je, kwa wageni hawa wenyeji twapona?

HESABU YA VICHWA

Wageni si jambo jipya visiwani. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman, Hadhramaut na Bara Hindi yalikuja kwa pepo za kaskazi, yakangoja, kisha yakarejea kwa kusi. Mgeni wa zama zile alikaa miezi. Alisali pamoja na watu wa mji, akanunua sokoni mwao, akakopa na kulipa, na wengine wakaoa na kuzaa. Fedha yake ilipita mikononi mwa wenyeji kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupita.

Wageni wa sasa ni wa namna nyingine. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu ilianguka, kwa kuwa Indonesia, aliyekuwa mnunuzi mkubwa, ilianza kutosheka na karafuu za mashamba yake. Serikali ya Zanzibar ikafungua mlango wa biashara na kuwaita wenye mitaji waje kujenga mahoteli. Mwaka 1985 watalii waliofika hawakutimia 20,000. Mwaka 2000, mwaka ule ule ambao UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, walikuwa kadiri ya 97,000. Mwaka 2015 walifika 294,000, na mwaka 2019 wakawa 538,000. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, na mwaka 2020 hesabu ikaanguka hata 260,000, yaani chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2022 ilikuwa imekwisha kurudi na kupita pale ilipokuwa. Mwaka 2023 ikawa 638,000, na mwaka 2024 ikapita 736,000.

Hesabu hii na tuitie katika mizani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wa Zanzibar kuwa karibu 1,890,000. Basi kwa kila wenyeji watano waliopo, mwaka 2024 waliingia wageni wawili. Na tukichukulia kwamba kila mgeni akaa juma moja tu, huwapo visiwani kila siku, mwaka mzima, wageni kadiri ya 14,000. Wengi wao huenda Unguja, khasa pwani za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Pemba hupata sehemu ndogo tu.

FEDHA HUPITA WAPI?

Serikali yasema kuwa utalii ni kadiri ya asilimia 30 ya pato la Zanzibar, na kwamba walete takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni. Hilo si jambo dogo, na mwenye kulidharau hakufikiri. Shule, zahanati, barabara na mishahara ya watumishi vyategemea sehemu ya fedha hizo.

Lakini ye yote aliyepata kuendesha duka ajua kwamba wingi wa wateja si faida. Mwenye duka huuliza mambo matatu: mteja alinunua kiasi gani, bidhaa ilinunuliwa kwa kiasi gani, na jioni kimebaki nini katika kisanduku. Vivyo hivyo kwa wageni. Yafaa tujue wamefika wangapi. Yafaa zaidi tujue walilala siku ngapi na walitumia nini kila siku. Na yafaa kuliko yote tujue fedha ile ilibaki mkononi mwa nani. Hesabu ya kwanza hutangazwa kila mwezi, na watu huifurahia. Hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa.

Tazama jinsi safari ya mtalii inavyonunuliwa. Mtu wa Ulaya huenda kwa wakala wa safari katika mji wake akalipa kwa mara moja nauli ya ndege, kitanda, chakula na vinywaji. Fedha imelipwa kule kule kabla hajapanda ndege. Wakala hutoa chake, kampuni ya ndege hutoa chake, na mwenye hoteli, ambaye mara nyingi naye ni mtu wa nje, hutoa chake. Kinachofika kisiwani ni mishahara ya wafanya kazi, kodi ya Serikali, na bei ya vile ambavyo hoteli inanunua hapa. Kama nyanya, mayai, samaki na matunda vimenunuliwa kwa mkulima na mvuvi wa Unguja, fedha hukaa. Kama vimeletwa kwa meli au kwa ndege, fedha hupita kama maji yaliyotiwa katika pakacha.

Tuwafikirie wageni wawili. Wa kwanza amelipa fedha nyingi kwao, akakaa juma zima ndani ya ukuta wa hoteli, akala vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, akarudi hali hakununua hata dafu. Wa pili amelipa kidogo, lakini amelala katika nyumba ya kulala wageni ya mtu wa kijijini, amekula pweza aliyevuliwa asubuhi ile, amemlipa kijana aliyemwonyesha mashamba ya viungo, na amenunua sabuni ya mwani kwa mama wa Paje. Katika hesabu ya vichwa wote wawili ni sawa. Katika hesabu ya sinia la wenyeji, wa pili amelisha nyumba nne, na wa kwanza huenda hakulisha ila nyumba ya mfanya kazi mmoja.

Mifano ya fedha kubaki ipo, alhamdulillahi. Katika hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, wageni huja kumtazama kima punju, na sehemu ya ada wanayolipa mlangoni hupewa vijiji vilivyo jirani. Wanawake wa pwani ya mashariki, walioanza kulima mwani mwaka 1989, sasa wengine wao hawauzi mwani mkavu tu, bali huusaga na kufanya sabuni ambazo wageni huzinunua. Mambo haya ni madogo mbele ya mahoteli makubwa, bali yaonyesha njia.

MAJI NA ARDHI

Ni haki pia kuhesabu kile anachotumia mgeni ambacho hakilipiwi kwa bei yake. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa uchunguzi wa maji katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilionekana kuwa nyumba moja ya kijijini hutumia kwa siku kadiri ya lita 93, watu wote waliomo. Na chumba kimoja katika hoteli za daraja la juu kabisa hutumia zaidi ya lita 3,000. Maana yake, chumba kimoja hunywa, huoga na kumwagilia bustani kwa maji ya nyumba thelathini na mbili. Nayo maji yote hayo yatoka chini ya ardhi moja. Sheria yetu yatukataza kufanya israfu ya maji hata katika udhu. Basi itakuwaje kwa bustani ya majani yasiyoliwa na mtu wala mnyama?

Na ardhi ni vivyo hivyo. Kwa sheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mtu huwa na haki ya kuitumia pamoja na mali ya miti aliyoipanda. Dalali hufika kwa mzee wa pwani na kumwambia kuwa minazi yake ni mikuu, haizai tena, na kwamba fedha ataipata leo leo. Mzee huona fungu ambalo hajapata kuliona tangu azaliwe. Huoza watoto, hutengeneza paa, hununua pikipiki, na mwaka wa tatu fungu limekwisha. Minazi haipo, njia ya kushukia baharini ina ukuta, na mjukuu wake huomba kazi ya ulinzi langoni pa shamba la babu yake. Aliyeuza hakudhulumiwa kwa upanga. Alidhulumika kwa kutojua thamani ya alicho nacho. Mwenye kutaka kuuza na ashauriane kwanza na jamaa zake na mtu ajuaye sheria, wala asitie kidole chake katika karatasi asiyoweza kuisoma.

ADABU YA MGENI NA YA MWENYEJI

Mwaka 2018 UNICEF ilitoa uchunguzi juu ya athari za utalii kwa vijiji na watoto wa Zanzibar, na katika mambo yaliyotajwa ni khofu ya wazazi juu ya mavazi ya wageni na ulevi. Khofu hii ni ya haki. Lakini haifai itufanye tumchukie mgeni. Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaandalia ndama wa kuchoma wageni asiowajua, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa kumkirimu mgeni ni katika dalili za imani. Mgeni asiyejua desturi aambiwe kwa upole na uso mkunjufu. Wengi wao hujifunika mara moja wakielezwa.

Juu ya kazi, wazazi wengi huuliza: je, nimwache kijana wangu aajiriwe hotelini? Jambo la pombe halina fumbo; Mtume (s.a.w.) amewakusanya katika lawama mnywaji, muuzaji na mbebaji. Lakini kazi za utalii si kumimina pombe tu. Kuna uhasibu, ufundi wa umeme na mabomba, ushoni, upishi, uongozaji wa wageni, udereva, kilimo cha mboga na ufugaji wa kuku. Chuo cha utalii cha Maruhubi, ambacho sasa ki chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hufundisha kazi hii kwa taratibu zake. Kijana mwenye ujuzi huweza kuchagua mahali pa kufanya kazi na kutaja sharti zake. Asiye na ujuzi huchaguliwa yeye, na sharti huwekewa.

Tunaweza kuwatazama ndugu zetu Waislamu wa visiwa vya Maldivi. Tangu mwaka 1972 wao waliwaweka watalii katika visiwa visivyokaliwa na watu, ili desturi za wenyeji zisiguswe. Adabu ilihifadhika, lakini mtu wa kijijini alibaki akizitazama fedha kwa mbali. Baadaye wakaruhusu nyumba za wageni katika visiwa vinavyokaliwa, kwa sharti kwamba humo pombe haiuzwi, na wageni wakaja pia. Mwaka 2024 walipokea zaidi ya milioni mbili. Basi si kweli kwamba mgeni haji ila kwa pombe.

MSIMU NA AKIBA

Fedha ya wageni ina majira. Hujaa Julai na Agosti, na tena Disemba na Januari. Hukauka Aprili na Mei, wakati wa masika, ambapo mahoteli mengine hufunga milango na kuwarudisha watu makwao. Nyumba ambayo hula yote wakati wa msimu hukopa wakati wa masika. Nabii Yusuf (a.s.) aliwafundisha watu wa Misri kuweka katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa, nasi twashindwa kuweka kwa miezi miwili! Mwaka 2020 uliwaonyesha watu khatari ya nyumba yenye mlango mmoja wa rizki. Waliokuwa na shamba la muhogo, ngalawa au cherehani walistahimili.

Tena tukumbuke kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2030 itaangukia Januari, kisha tena mwisho wa Disemba, katikati ya msimu wa wageni. Ni kheri vijiji, maimamu na wenye mahoteli wakaanza mapema kupatana juu ya saa za kazi, futari na tarawehe, kuliko kungoja kugombana.

Ndugu msomaji, Maquraishi nao waliishi kwa safari za kusi na kaskazi zao, za baridi na za joto, na kwa wageni waliozuru Nyumba Tukufu. Na Mwenyezi Mungu akawakumbusha kwamba Mwenye Nyumba ile ndiye aliyewalisha na kuwapa amani. Wageni hawaleti rizki. Wao ni njia yake. Basi tusishangilie hesabu kubwa wala tusiilaani. Kila mwaka itakapotangazwa, tuulize pia: ni mboga ngapi zimenunuliwa kwetu, ni vijana wangapi wamepata ujuzi, ni visima vingapi vingali na maji matamu, na ni shamba lipi lingali mikononi mwa wana wa mwenyewe. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayotujulisha kama mwenyeji amepona.

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali, atupe hekima ya kuitunza, na atuhifadhie watoto wetu na nchi yetu. Amin.