Tosta Inayojua Kuacha

Jirani yangu hapa Mwisenge alinunua tosta, na tangu hapo kila asubuhi nasikia kisu chake kikikwangua: krr, krr, krr. Mkate umeungua tena, weusi unadondokea kwenye sinki, watoto wanachelewa shule. Aliniletea niitazame. Inang'aa kama kioo, lakini swichi yake ya muda inazunguka bure. Uweke 2, uweke 6, mkate unatoka mweusi uleule.

Mkate kuungua si tatizo la ladha peke yake. Mwaka 1997, nchini Uswidi, wachimbaji wa handaki la reli la Hallandsås walitumia dawa ya kuzibia maji yenye kemikali iitwayo akrilamaidi. Ikavuja. Samaki wakafa, ng'ombe wakapooza. Wanasayansi walipopima damu za wafanyakazi, walipima pia watu ambao hawakuwahi kukanyaga handakini, ili walinganishe. Ajabu, hata hao walikuwa na alama za akrilamaidi mwilini. Waliipata wapi? Margareta Törnqvist na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakawalisha panya chakula kilichokaangwa, na alama zikapanda. Aprili 2002 jibu likatangazwa: imo kwenye chipsi, imo kwenye mkate, imo kwenye vyakula vingi vya wanga vilivyopikwa kwa moto mkali. Kwenye viazi vya kuchemsha haikuonekana.

Inatokea hivi. Joto likipita nyuzi 120 hivi, sukari ya kwenye unga hukutana na asparajini, moja ya chembe zinazojenga protini, na akrilamaidi huzaliwa. Ni ndugu wa mabadiliko yaleyale aliyoyaeleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, yanayoupa mkate rangi na ile harufu inayowaamsha watoto. Kadiri mkate unavyozidi kuwa mweusi, ndivyo akrilamaidi inavyozidi.

Nisikutie hofu. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kuleta saratani. Kwa binadamu, kupitia chakula, haijathibitishwa. Lakini kupunguza hakugharimu kitu: mkate uishie rangi ya dhahabu.

Kwa hiyo tosta nzuri ni ile inayojua kuacha. Swichi ya muda itii, pawe na kitufe cha kusitisha, na mkate uruke wenyewe. Kama mkate wako unaukata kwa mkono, vipande huwa vinene, basi tafuta yenye matundu mapana. Kipande kikikwama ndipo watu huchokonoa kwa kisu, na ndani mle mna nyaya zenye umeme. Chomoa kwanza. Iwe na trei ya chini ya kumwagia makombo, maana makombo yakirundikana hushika moto.

Umeme usikutishe. Tosta ya wati 800 ikiwaka dakika mbili hula chini ya sehemu moja ya thelathini ya uniti ya LUKU. Familia inayochoma slesi sita kila asubuhi, mbilimbili, itatumia uniti kama mbili na nusu kwa mwezi.

Ukienda mjini Musoma kununua, beba slesi nne. Mwombe muuzaji achomeke tosta palepale, choma mbili kwenye 2 na mbili kwenye 4. Zikitoka rangi moja, mwachie tosta yake.