Zumari ya Mfuko na Mti wa Mpingo

Mtu asikiapo kwa mara ya kwanza zumari ya mfuko, ile ya Waskoti wa milimani, aghalabu huziba masikio. Sauti yake ni kali, nayo haikatiki. Lakini mtu wa Likoni aliyezoea nzumari ya arusini hana haki ya kuistaajabia, maana vyombo hivi viwili ni ndugu: vyote hulia kwa ulimi wa pande mbili.

Tofauti i katika pumzi. Mpiga nzumari wetu hujaza upepo mashavuni, akavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiusukuma nje, hata wimbo usikatike. Mskoti ameitwika ngozi kazi hiyo. Hupuliza mfuko ulio kwapani, naye huukamua kwa mkono kila avutapo pumzi. Akikamua kupita kiasi, au pungufu, sauti hupotoka. Ndiyo sababu mwanafunzi hapewi mfuko kwanza, bali hufunzwa vidole kwa zumari ndogo isiyo na mfuko, miezi mingi.

Zumari ya vidole ina noti 9 tu. Begani husimama mabomba matatu, mawili mafupi na moja refu lenye sauti nzito, na kila moja hushika sauti yake ile ile tangu mwanzo hata mwisho. Asiyejua hudhani ni kelele. Kumbe ndiyo sakafu ambayo wimbo huikanyaga. Tena, kwa kuwa upepo haukomi, mpigaji hawezi kunyamaza kati ya noti mbili zilizo sawa, wala kupaza sauti au kuipunguza. Huzitenga kwa kudonoa kwa vidole, upesi mno. Atakaye kuifurahia na avisikilize vidole hivyo, tena asimame mbali kidogo, kwani chombo hiki ni cha uwanjani, si cha sebuleni. Huko Oman bendi za kifalme huzipiga hata juu ya ngamia.

Lililo kubwa kwetu ni mti wake. Tangu karne ya 19 mafundi wa Uskoti wamependelea mpingo wa Afrika Mashariki, ule ule uliowapa sifa wachongaji Wakamba wa Changamwe, ambao chama chao cha ushirika kilianzishwa mwaka 1963. Mpingo ni mzito hata huzama majini, hustahimili unyevu wa pumzi, na hukerezeka vizuri. Lakini hukua polepole: huchukua yapata miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na shina lake mara nyingi limepinda au lina uwazi ndani. Sehemu kubwa ya gogo hutupwa kabla ya kupatikana kipande kilichonyoka cha kutosha bomba moja.

Mpingo ulipoadimika, wachongaji wengi wa Kenya waligeukia mwarobaini, na vinyago vyake vyauzika. Wapigaji zumari si wepesi hivyo. Mabomba ya plastiki yapo, tena ni rahisi, ila wengi wangali wautaka mpingo. Huko Kilwa, Tanzania, vijiji vyenye misitu yao vilipewa cheti mwaka 2009 cha kuvuna kwa utaratibu. Mti hupimwa kabla ya kukatwa, na fedha ya gogo huingia katika mfuko wa kijiji.