Njia Mbili na Chipu ya Miguu Sita

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Juni, nyasi zote nyeupe kwa barafu. Mama wa mwenzetu alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku, amesimama nje ya geti la ua wao hapa Malvern na kadi mkononi. Aliigusisha kwenye kisomaji mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Geti halikufunguka. Alipiga simu, lakini wote ndani tulikuwa tumelala fofofo. Alikaa nje dakika ishirini mpaka jirani alipotoka kwenda kazini.

Kisanduku kilichomfungia nje tulikijenga sisi, wanachama watatu wa klabu hii. Wiki nzima kabla ya hapo tulikuwa tukijisifu.

Tunaandika makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, kuchagua chipu ndogo ya kubadilisha kati ya ishara mbili za kidijitali ni jambo linaloonekana dogo kuliko lilivyo. Pili, kosa letu hatukuliona mpaka tulipolazimika kulieleza kwa Kiswahili.

Wanaoijua Malvern hawahitaji kuelezwa kwa nini geti ni jambo zito. Ni mtaa wa mashariki mwa Johannesburg, Jules Street ikipita imenyooka kama rula, yadi za magari yaliyotumika huku na huku. Septemba 2019, wakati wa ghasia dhidi ya wageni, magari yalichomwa kwenye barabara hiyohiyo. Nyumba nyingi ni za zamani, na ua mmoja huweza kuwa na familia nne au tano. Ua tunaousimulia una milango miwili: geti la mbele linalotazama barabara, na mlango wa nyuma wa kichochoroni. Ufunguo ulikuwa umenakiliwa mara nyingi hata hakuna aliyejua nakala ziko ngapi. Mjomba wa mwenzetu, aliyejifunza ufundi wa redio Lubumbashi na sasa anatengeneza televisheni hapahapa uani, alipata visomaji viwili vya kadi vya zamani. Akatuita: "Batoto, munasoma chuo kikuu. Mutusaidie."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kisomaji kikiguswa na kadi hutuma namba yake kwenye waya mmoja, biti 9,600 kwa sekunde, kwa volti 5. Ubongo wa kisanduku ni ATmega328P, tunayoiendesha kwa volti 3.3 ili betri ndogo iibebe wakati wa mgao wa umeme. Chipu hiyo ina mlango mmoja tu wa kupokelea data ya namna hiyo. Kwa hiyo midomo miwili, sikio moja.

Wazo letu la kwanza lilikuwa kuunganisha nyaya zote mbili pamoja. Mjomba alicheka. Kisomaji kisipokuwa na la kusema, hushikilia waya wake juu, kwenye volti 5. Kikianza kutuma, huuvuta chini na kuuachia kufuata biti. Ukiziunganisha nyaya mbili, kimoja kinavuta chini huku kingine kinasukuma juu, mkondo mkubwa unapita kati yao, na data haisomeki. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Tungeweza kuandika programu inayoiga mlango wa pili wa kupokelea, na wasomaji wetu wa kompyuta watatuuliza kwa nini hatukufanya hivyo. Mjomba alitaka kitu ambacho siku tukiwa hatupo ataweza kukigusa kwa mita na kujua kinafanya nini. Hoja hiyo ilitutosha.

Kinachohitajika huitwa multipleksa ya mbili kwa moja. Ina viingilio viwili vya data, tuviite A na B, kitokeo kimoja, na waya wa kuchagua. Waya wa kuchagua ukiwa chini, kitokeo kinafuata A. Ukiwa juu, kinafuata B. Basi. Sisi tuliupa mlango wa mbele A na wa nyuma B. Anayeingia kwa nyuma hubonyeza kitufe huku akigusisha kadi. Kitufe hicho huupeleka waya wa kuchagua kwenye volti 3.3. Asipobonyeza mtu, kisanduku kinasikiliza mbele.

Sasa chipu ipi? Tulikuwa na njia nne mezani.

Ya kwanza ilitoka kwenye droo ya mjomba: 74HC00, yenye milango minne ya NAND. Familia ya namba 74 ilianzishwa na Texas Instruments miaka ya 1960, na mpaka leo mafundi huzihesabu namba zake kama majina ya ndugu. Milango minne ya NAND inatosha kabisa kujenga multipleksa moja: mmoja unageuza waya wa kuchagua, mmoja unapitisha A, mmoja unapitisha B, wa nne unawakutanisha. Mjomba aliichora nyuma ya bahasha kwa dakika moja. Ila ina miguu 14, na nyaya za kuunganisha ni nyingi kuliko kisanduku chetu kinavyoruhusu.

Ya pili ni 74HC157. Hiyo ni multipleksa tayari, tena nne ndani ya ganda moja lenye miguu 16. Tungetumia moja tu. Viingilio vya tatu zilizobaki visingeweza kuachwa hivihivi, vingepaswa kufungwa chini au juu kimoja kimoja. Ni kama kukodi basi ili kumpeleka mtu mmoja sokoni.

Ya tatu na ya nne ndizo ndogo, miguu sita kila moja, na majina yake yanakaribia kufanana: 74LVC1G3157 na 74LVC1G157. Tofauti ni tarakimu moja, 3, na hapo ndipo mtu huagiza kitu kingine bila kujua. Jina husomwa vipande vipande. LVC ni familia ya volti ndogo, inayofanya kazi kuanzia volti 1.65 hadi 5.5. 1G maana yake ni kitu kimoja tu ndani ya ganda. Kinachofuata kinataja kazi.

Ile yenye 3157 ni swichi ya analogia. Ndani yake ni kama daraja: linaunganisha waya mmoja na mwingine kwa ukinzani mdogo, na ishara inapita kama ilivyo, kwenda au kurudi. Kwa sauti au kwa waya unaotuma na kupokea, ni nzuri sana. Lakini kama ishara inapita kama ilivyo, volti 5 za kisomaji zingefika kama volti 5 kwenye ATmega yetu inayokaa kwenye 3.3. Tena swichi yenyewe haitakiwi kupewa kwenye njia zake volti inayozidi ile inayoiendesha.

Ile ya 157 si daraja bali ni mpokezi. Inasikiliza kiingilio, inaamua kama ni juu au chini, kisha inasema upya kwa sauti yake yenyewe. Ikiendeshwa kwa 3.3, inasema 3.3, hata kama ilichosikia kilikuwa 5, kwa sababu viingilio vya familia hiyo vinavumilia hadi volti 5.5. Zile za HC kwenye droo haziwezi hivyo: zikiendeshwa kwa 3.3 na kupewa 5, mkondo hupenya ndani kupitia diodi zake za ulinzi. Tungeweza kugawa volti kwa rezista mbili kila waya, lakini kama chipu inafanya kazi hiyo yenyewe, kwa nini tuongeze vipande?

Kuna sababu moja zaidi, nayo ni ya hapahapa kwetu. Betri ya kisanduku ikiisha wakati visomaji bado vina umeme, ishara inaendelea kugonga kwenye chipu isiyo na umeme. Chipu nyingi hapo hujilisha kwa mlango wa nyuma, zikawa nusu hai nusu mfu. 74LVC1G157 imeundwa kuuzuia mkondo huo. Kwa mji uliopitia mgao wa mwaka 2023, hilo si pambo.

Kasi hatukuihangaikia. Biti moja kwa mwendo wetu huchukua mikrosekunde 104, na chipu hizi hujibu kwa nanosekunde chache. Tulipoanza, tulikuwa tumepoteza jioni nzima tukilinganisha nanosekunde za chipu hii na ile. Mjomba alisikiliza, kisha akauliza: "Mulipima waya?" Hatukuwa tumepima. Hapo ndipo tulipojua kwamba visomaji vinatoa 5, si 3.3 kama tulivyodhani.

Ukubwa nao ulikuwa na mjadala. Chipu hiyo hupatikana kwenye ganda la SC-88, upana usiofika milimita moja na nusu, nafasi kati ya mguu na mguu milimita 0.65. Pia hupatikana kwenye SC-74, ambamo nafasi hiyo ni 0.95. Sisi tulitaka ile ndogo zaidi. Mjomba alivaa miwani, akazitazama zote mbili, akachagua kubwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayeibadilisha siku ikiungua. Tuliilehemu kwenye kibao kidogo cha kubadilishia, tukaweka na kondensa ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme. Mezani ilifanya kazi mara hamsini kwa hamsini.

Siku mbili baadaye, mama alifungiwa nje.

Tulikaa uani asubuhi ile, tukiwa na aibu, tukapima. Kwa nyuma, ukibonyeza kitufe, kadi ilisomeka vizuri. Kwa mbele, ilisomeka mara chache tu. Mmoja wetu akasema kwa Kiingereza neno ambalo sote tumelisikia darasani, kwamba waya wa kuchagua huenda "uko floating". Mjomba akataka kujua maana yake. Tukajaribu: unaelea. Unaelea wapi? Hauko juu, hauko chini. Basi nani anauamuru wakati kitufe hakijabonyezwa?

Tukanyamaza. Hakuna aliyeuamuru. Kitufe chetu kiliunganisha waya na volti 3.3 kinapobonyezwa. Kinapoachiwa, hakikuunganisha na chochote. Sisi tulikuwa tumedhani "hakuna kitu" ni sawa na "chini". Mezani waya ulikuwa na urefu wa kiganja, ikatokea bahati. Uani ulikuwa na mita 12, ukipita ukutani sambamba na waya wa umeme wa nyumba, ukiokota mtetemo wake wa mara 50 kwa sekunde. Chipu ilitii: mbele, nyuma, mbele, nyuma, ikikaa milisekunde 10 hivi kila upande. Namba ya kadi yetu ni herufi 14, kila herufi biti 10, jumla milisekunde 15 karibu. Kwa hiyo kila namba ilikatwa kabla haijaisha. Njia mbili zilimshinda fisi, naye alikuwa na miguu minne. Chipu yetu ilishindwa na sita.

Dawa ilikuwa rezista moja ya omu 10,000 kutoka kwenye waya wa kuchagua hadi chini. Asipobonyeza mtu, inauvuta chini. Akibonyeza, kitufe kinaishinda, na kinachopotea ni theluthi moja ya miliampia. Tukaongeza nyingine ya omu 1,000 kwenye njia ya waya mrefu, kuilinda chipu. Jioni hiyo tuligusisha kadi mbele mara mia. Mia zote zilisomeka. Mjomba naye akafunga kufuli la kawaida chini ya kisomaji na kumpa mama ufunguo wake mwenyewe, kwa sababu, alisema, mlango wa watu hauachiwi umeme peke yake.

Tumejiuliza kwa nini hatukuliona mapema. Neno tulikuwa nalo, tena tulilijibia mtihani. Lakini tulilijua kwa lugha ya darasani, na likatukalia kichwani kama jina la mtu ambaye hujawahi kumsalimia. Sisi tuliokulia Kiswahili cha jikoni, cha kuagizwa chumvi na kukemewa, mara nyingi tunaamini lugha hii haifiki kwenye chipu. Asubuhi ile swali la "nani anauamuru?" ndilo lililofika.

Anayetaka kujenga kisanduku kama hiki aanze na maswali haya: kila waya unabeba volti ngapi, ishara inakwenda upande mmoja au pande mbili, nini kitatokea umeme ukikatika upande mmoja tu, nani atailehemu tena ikiungua, na mwisho, waya wa kuchagua unaamriwa na nani wakati hakuna anayeugusa. Nanosekunde zije baadaye.

Mama alitusamehe siku ya Jumapili, baada ya sahani ya pili ya bugali na sombe. Alisema jambo moja tu: mara nyingine tukijenga kitu, tukakijaribu sisi wenyewe saa kumi na moja alfajiri, tukiwa tumesimama nje.