Mkanda na Pampu Hubadilishwa Pamoja

Kutoka Kilangala, mkoani Lindi, hadi maduka ya spea ya Kariakoo ni zaidi ya kilomita 400. Kwa mwenye gari wa huko, mkanda wa taimingi si wa kungojwa ukatike.

Mkanda huu wa mpira wenye meno huunganisha krenki na kamshafti, ili valvu zifunguke na kufungwa sambamba na mwendo wa pistoni. Katika RAV4 za toleo la kwanza, za mwaka 1994, zenye injini ya 3S-FE, mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Beringi ya pampu ikikwama, mkanda huharibika. Ndiyo maana mafundi hubadilisha vyote kwa mkupuo, takriban kila kilomita 100,000.

Anayefanya kazi hiyo nyumbani asubiri injini ipoe, achomoe waya wa betri, amwage kulanti, kisha alinganishe alama za krenki na kamshafti kabla ya kuvua mkanda. Gaskiti ya pampu iwe mpya.

Mkanda ukifungwa vibaya, katika injini kama EJ20 ya Subaru valvu huweza kugongana na pistoni. Kabla ya kuwasha, krenki izungushwe kwa spana mizunguko 2 kamili, alama zikaguliwe tena.