Waifai ya mfukoni ina kazi hata kifurushi kikiisha

WAFANYABIASHARA wengi wanaonunua kile kifaa kidogo cha waifai cha kubeba mfukoni huamini kwamba kifurushi kikiisha, nacho kimekwisha. Imani hiyo inawapotezea fedha, hasa sehemu kama Kemondo, kando ya barabara ya Bukoba na Muleba, ambako msimu wa kahawa karani hawezi kusubiri vocha.

Kimsingi kifaa hiki kina kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuunganisha simu na kompyuta zilizo karibu kwa mawimbi yake chenyewe. Ya pili ni kuzungumza na mnara wa kampuni ya simu kupitia laini iliyomo ndani, na hapo ndipo kifurushi kinapoliwa. Mtandao ukikatika, kazi ya pili husimama. Ya kwanza huendelea mradi betri ina chaji.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha ushirika. Makarani wawili wako kwenye mizani na simu zao, mhasibu yuko ndani na kompyuta. Bila hata shilingi ya kifurushi, orodha ya uzito na picha za stakabadhi zitafika kwa mhasibu, na printa yenye waifai itachapa. Kwa mkulima hili si dogo. Namba inayonakiliwa kwa mkono kutoka daftari hadi daftari inaweza kugeuka kutoka 86 kuwa 68. Hizo ni kilo 18. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa kilo, ni Sh54,000 zilizopotea bila mwizi.

Iko pia habari ya bei. Mkulima asiyejua bei ndiye anayeuza kahawa ingali mtini, ile biashara ya butura inayojulikana vizuri Kagera. Mtu mmoja akishapakua tangazo la bei kwa kifurushi chake, wanachama wengine wanaweza kulichukua kwake kupitia waifai hiyo hiyo bila gharama.

Hata hivyo, WhatsApp haitasaidia hapa, hata kama simu mbili ziko meza moja, kwa sababu ujumbe wake lazima upitie mitambo ya kampuni hiyo ng'ambo. Inatakiwa programu ya kupeana mafaili moja kwa moja, nayo ipakuliwe mapema, intaneti ingalipo.

Mtego mwingine uko kwenye simu yenyewe. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti huhamia kimyakimya kwenye data ya laini zao, na mwenye simu hushangaa kifurushi kimeenda wapi. Zima data ya simu. Ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai hiyo, kubali. Malipo ya M-Pesa kwa nyota na reli hayahusiki na haya yote. Yanapita kwenye laini ya simu yako na hayahitaji data.

Intaneti ikiwepo, tahadhari ni nyingine. Picha ya stakabadhi ya MB 4 si mzigo, maana GB 1 hubeba picha kama 250. Kinachomaliza kifurushi ni simu za wageni zinazojisasishia programu na kupandisha video. Badili neno la siri lililokuja na kifaa, usilibandike ukutani.

Je, ununue? Dalali wa ndizi anayefanya kazi peke yake hana haja. Simu yake inaweza kurusha waifai vilevile, ingawa betri itaisha haraka. Kifaa kinalipa pale watu watatu au zaidi wanapofanya kazi pamoja kutwa nzima. Kabla ya kutoa fedha hakikisha hakijafungwa kwa kampuni moja, kisha weka laini yako ukijaribu pale pale utakapokitumia, kwani vilima vya huku huficha minara. Ukitafuta intaneti kiweke dirishani. Kwa kazi ya ndani tu, kiweke katikati ya meza na mizani.